Uliza Mfamasia: Diklo kila siku, tumbo na figo vinasemaje?

Mwezi huu sichanganyi mada, maana meseji mlizotuma nyingi zimeangukia sehemu moja, hizi dawa za maumivu ambazo hakuna anayeziogopa: diklofenaki, brufeni, aspirini, meloksikamu, piroksikamu na ndugu zao. Zinauzwa mpaka vibanda vya vocha, mtu mgongo ukimuuma anaagiza kwa jina na hakuna anayemuuliza kitu. Meseji ndefu nimezipunguza na majina nimeyatoa. Na parasetamoli, yaani Panadol na wenzake, haimo kwenye familia hii, ukiizidisha inaumiza ini, ila hatari zake siyo hizi tunazoongelea leo.

*Dokta habari. Mimi saidia fundi hapa Mbagala, nina miaka 34. Kazi ya zege si unaijua, mgongo unanisumbua sana kwahiyo asubuhi nameza diklo mbili na enaji, jioni nikirudi mbili tena, nalala vizuri. Nimeenda hivyo kama mwaka. Sasa tumbo linaniunguza hapa juu ya kitovu, na wiki iliyopita nilipata choo cheusi sana siku mbili alafu kikaacha chenyewe. Nameza omeprazo inanipoza. Usiniambie niache kazi maana nina familia. – Saidia fundi, Mbagala*

Kaka, sikuambii uache kazi. Nakuambia ukimaliza kusoma hapa nenda hospitali leo hii, siyo duka la dawa. Choo cheusi kinachonata kama lami mara nyingi ni damu iliyovuja tumboni ikabadilika rangi njiani. Vidonge vya madini ya chuma navyo vinafanya choo kuwa cheusi lakini wewe hujasema unavimeza. Ukiona kimeacha usidhani umepona, kidonda kinaweza kutulia alafu kikafumuka usiku wa manane ukatapika damu, na wapo ambao hawakuwahi kusikia hata kiungulia, dalili yao ya kwanza ikawa hiyo hiyo damu. Ukifika waambie maneno matatu, diklo, mwaka mzima, choo cheusi. Watakupima wingi wa damu, watatafuta wale bakteria wa vidonda vya tumbo, na ikibidi watashusha kamera waone kwa macho. Njiani ukisikia kizunguzungu, jasho la baridi au moyo kwenda mbio, tafuta mtu akupeleke, usiendeshe mwenyewe.

Sasa kwanini dawa ya mgongo iende kuumiza tumbo. Mwili ukiumia unatengeneza kemikali zinaitwa prostaglandini, hizi ndo zinaleta uvimbe, joto na yale maumivu. Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuzuia mwili usizitengeneze, na mwaka 1982 akapata Nobel pamoja na wenzake wawili. Tatizo ni kwamba prostaglandini hizo hizo ndo zinalinda ukuta wa tumbo, zinasaidia ule ute unaozuia asidi isiuchome, na kwenye figo zinasaidia mishipa ibaki wazi damu ipite. Kidonge hakijui mgongo uko wapi. Kinazima kote.

Halafu tupige hesabu. Diklofenaki ya kawaida ni miligramu 50 kwa kidonge, na kwa mtu mzima mwisho ni 150 kwa siku, tena kwa siku chache. Kama zako ni za 50 wewe unameza 200 kila siku kwa mwaka mzima. Nyingi za hizo zinazoitwa diklo madukani zimechanganywa na parasetamoli ndani, zingine zina na dawa ya kulegeza misuli, kwahiyo ukiongeza Panadol juu yake kichwa kikiuma unazidisha bila kujua. Angalia nyuma ya boksi, yale maandishi madogo chini ya jina kubwa.

Kuhusu omeprazo, ni kweli inapunguza vidonda, hata madaktari wanawapa watu wanaolazimika kumeza dawa hizi muda mrefu, lakini wewe umeitumia kunyamazisha tumbo ili uendelee kumeza diklo, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Tena omeprazo hailindi figo wala moyo wala utumbo wa chini. Na hili la "kula kwanza ushibe ndo umeze", chakula kinapunguza kichefuchefu na kuunguza, ila dawa ikishaingia kwenye damu inarudi kuzima ulinzi wa tumbo hata kama umeshiba ugali na maharage.

Mgongo wenyewe ndo sehemu ngumu na sitakudanganya, parasetamoli kwa mgongo wa namna yako ni dhaifu, unaweza kumeza (usizidishe nane za miligramu 500 kwa saa 24) na ukaona haikusaidii sana. Kinachosaidia watu wengi ni vitu visivyouzwa kwenye vidonge: kubeba ndoo karibu na mwili badala ya kunyoosha mikono, kukunja magoti, kubadilishana zamu na mwenzako wa kuchanganya, kitambaa cha moto jioni, na mazoezi ya mgongo ambayo mtu wa fiziotherapia anakufundisha na unafanyia nyumbani. Najua fomani hakupi zamu rahisi kwasababu tu umesoma gazeti. Jaribu unachoweza. Ila mguu ukianza kupoteza nguvu, ukahisi ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, hiyo siyo ya kusubiri kesho.

*Dokta za kazi. Mama yangu ana miaka 66 yuko Tanga, ana presha anatumia losartani na ile ya kukojoza, haidroklorothiazaidi. Magoti yanamuuma, dukani wakampa meloksikamu anameza kila siku mwezi wa pili sasa. Presha ilikuwa imetulia imepanda tena 170 kwa 100, na miguu inavimba. Daktari anataka amuongezee dawa ya presha ya tatu. Sijui kama alimwambia kuhusu meloksikamu. – Binti wa kwanza*

Shikamoo yangu mfikishie mama. Na wewe hongera, hiyo sentensi yako ya mwisho ndo penyewe, karibu nina uhakika hakumwambia, kwasababu wazee wetu wakiulizwa "unatumia dawa gani" wanataja za kliniki tu, ya dukani kwao siyo dawa, ni ya maumivu.

Dawa hizi zinafanya mwili ushikilie chumvi na maji, ndo hiyo miguu, na zinapunguza nguvu za dawa za presha. Kuna watu wameongezewa dawa ya presha juu ya dawa ya presha wakati tatizo lilikuwa kidonge cha magoti. Kwa mama yako kuna kubwa zaidi. Losartani, ya kukojoza, na meloksikamu, hizi tatu zikikutana kwa mtu mmoja figo zinabanwa pande tatu kwa wakati mmoja: moja inapunguza maji, moja inalegeza mshipa unaotoka kwenye chujio, na nyingine inakaza mshipa unaoingia. Siku akiharisha au akitapika kidogo au jua likawa kali na hanywi maji, figo zinaweza kuanguka ndani ya siku chache. Figo haziumi zikiharibika. Ni kipimo cha damu tu, kreatinini, ndo kinasema.

Kwahiyo asimamishe meloksikamu, ASIACHE za presha, apimwe kreatinini wiki hii, na daktari aambiwe kila kitu kabla hajaandika dawa ya tatu. Baada ya wiki kadhaa pimeni presha upya, isiwashangaze ikishuka yenyewe.

Kwa magoti, mpeni jeli ya diklofenaki ya kupaka. Nikisema hivi watu wananiona namdharau mzee, anataka kidonge, lakini ya kupaka inafanya kazi kwenye goti na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya kile cha kidonge. Apake mara tatu au nne kwa siku, anawe mikono, asifunge na mfuko wa nailoni juu. Mazoezi ya paja akiwa amekaa kwenye kiti yanasaidia goti kuliko watu wanavyoamini, na kupungua uzito kidogo kama anao.

Wapo watakaosema mbona huko Ulaya dawa hizi zinauzwa wazi. Zinauzwa ndiyo, ila Uingereza waliondoa vidonge vya diklofenaki kwenye mauzo bila cheti mwezi Januari 2015 kwasababu ya hatari ya moyo, na mwaka huo huo Marekani waliongeza ukali wa onyo kwenye familia nzima isipokuwa aspirini, kwamba hatari ya shambulio la moyo na kiharusi inaweza kuanza wiki za mwanzo tu za matumizi, na inapanda kadiri dozi inavyopanda. Mtu wa miaka 66 mwenye presha ndo huyo wanayemzungumzia.

Na kwa wapenda wanyama: kule India, Pakistani na Nepali tumbusi waliisha zaidi ya asilimia 95 kwa aina fulani, watu wakajiuliza ni ugonjwa gani, kumbe ng'ombe walikuwa wanachomwa diklofenaki, wakifa tumbusi wanakula mzoga, figo zinakufa. Ilijulikana 2004, na 2006 nchi hizo zikapiga marufuku kuitumia kwa mifugo. Figo za tumbusi siyo za mama, najua, lakini huwa nikimtazama mtu anaomba stripu tatu nawakumbuka wale ndege.

*Mkuu, mi bodaboda Kahama. Tumbo langu haliwezi vidonge ndo maana nachoma sindano ya diklo, ya sindano haipiti tumboni si ndiyo? Pia inafanya kazi haraka.*

Hapana. Haipiti tumboni lakini inafika tumboni kwa njia ya damu, na kinacholeta kidonda hasa ni hicho kinachofanyika ndani ya damu. Sindano inawahi kidogo, basi, na ina balaa lake: jipu pale ilipochomwa, na ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kugonga mshipa mkubwa wa fahamu ukabaki unachechemea. Anayekuchoma nani, na wapi? Kama ni nyuma ya duka acha. Na kama tumbo lako lilishawahi kuwa na vidonda, familia hii yote uiweke pembeni mpaka daktari aseme.

*Habari, mimi mwanafunzi wa chuo Dodoma. Siku zangu zinaniuma mpaka natapika, natumia brufeni ya 400 inanisaidia kweli. Rumeti wangu anasema zinaharibu kizazi na nisizizoee. Naogopa.*

Dada, hapa nitakushangaza maana nimewakataza wenzako wote. Wewe endelea. Maumivu ya hedhi yanaletwa na zile zile prostaglandini, mji wa mimba unazitengeneza kwa wingi na kujikaza, kwahiyo brufeni inapiga kwenye chanzo kabisa, na kwa kazi hii inaizidi parasetamoli. Watu wengi wanaiharibu kwa kuisubiri maumivu yakolee. Imeze yakianza tu, au damu ikianza, 400 na chakula na maji ya kutosha, rudia baada ya saa 8 ukihitaji, usizidi 1200 kwa siku bila daktari, na siku mbili tatu zinatosha. Siku chache kwa mwezi kwa binti mzima asiye na vidonda vya tumbo, pumu wala tatizo la figo siyo matumizi ya kuogopa. Neno pumu nimeliweka makusudi, kuna wenye pumu ambao aspirini na ndugu zake zinawabana kifua ghafla.

Kuharibu kizazi hapana. Kilicho kweli ni kwamba ukizimeza mfululizo zinaweza kuchelewesha yai kutoka mwezi huo, ukiacha inarudi, kwahiyo siku ukitafuta mtoto zipunguze. Na siku ukiwa mjamzito uziache, hasa kuanzia wiki ya 20 na kuendelea, kwasababu figo za mtoto tumboni zinaathirika, maji ya uzazi yanapungua, na mwishoni mwishoni mshipa mmoja wa moyo wake unaweza kujifunga kabla ya wakati. Aspirini ndogo ambayo kliniki inawapa baadhi ya wajawazito ni kitu kingine, hiyo usiiache kwa kusoma mimi.

Ila kama maumivu yanazidi kila mwezi, au yanakuja hata nje ya siku zako, au wakati wa tendo, nenda kaonwe, kuna magonjwa yanafichwa na brufeni.

*Daktari salaam kutoka Mombasa. Kijana wangu wa miaka 6 alikuwa na homa kali, nikampa sirapu ya brufeni haikushuka vizuri, jirani akaniambia nimkatie nusu ya zile tembe za kichwa za duka. Alipona lakini daktari alinigombeza sana alipojua. Kosa langu liko wapi?*

Mama, pole na shukuru kijana yuko salama. Tembe nyingi za kichwa za dukani ni mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini. Aspirini haipewi mtoto chini ya miaka 16 bila daktari, kwasababu mtoto mwenye homa ya virusi kama mafua au tetekuwanga anaweza kupata ugonjwa unaoitwa Reye, ni nadra lakini unashambulia ini na ubongo. Hiyo moja. Ya pili, uliweka dawa mbili za familia moja juu ya nyingine, brufeni na aspirini.

Na ya tatu ndo inanifanya nijibu kwa urefu, nyie mko Mombasa na sisi wa Dar tuko mji wenye dengi. Dar ililipuka 2014 na tena 2019, na huko Pwani mnaijua vizuri. Dengi inapunguza chembe za kugandisha damu, sasa mtu anaumwa kichwa, macho kwa nyuma, viungo vyote, anakimbilia diklo au brufeni ambazo nazo zinazuia chembe hizo hizo zisifanye kazi, anaanza kuvuja damu. Homa ambayo hujaijua chanzo, iwe ya mtoto au ya mtu mzima, ni parasetamoli tu kwa uzito wake, maji mengi, na kipimo cha malaria siku hiyo hiyo. Brufeni ya mtoto siyo sumu, ina nafasi yake, ila siyo kabla ya kujua homa ni ya nini, siyo akiwa anaharisha na kutapika, na siyo akiwa na tetekuwanga.

*Natumia ARV miaka mingi, naendelea vizuri. Kuna siku kliniki niliona bango limeandikwa usitumie diklofenaki hovyo. Sikuuliza, palikuwa na watu. Kwanini?*

Umefanya vizuri kuuliza hapa. Kidonge cha mara moja kwa siku ambacho wengi wanatumia kina tenofovir ndani, nayo inatolewa na figo na kwa baadhi ya watu inaziumiza taratibu. Ukiongeza diklo kwa dozi kubwa au kila siku unazibebesha mzigo wa pili. Kidonge kimoja kwa jino lililokuuma jana siyo janga, mazoea ndo mabaya. Tumia parasetamoli, na dukani siyo lazima utaje ARV mbele ya watu, sema tu "nina dawa ambayo haitaki diklo, nipe nyingine". Siku ya kliniki omba waangalie kreatinini yako ya mwisho ilikuwa ngapi.

*Asalaam aleikum, niko Muscat. Nilipata tatizo la moyo, natumia aspirini ya 75 kila siku. Nikimeza na brufeni pamoja kuna shida? Na hapa kuna mtu anatuuzia dawa ya asili ya viungo, wallahi inafanya kazi siku ile ile.*

Waaleikum salaam. Shida ipo. Brufeni ikitangulia inakaa pale ambapo aspirini ilitakiwa ishike kwenye chembe za damu, aspirini ikija inakuta nafasi imechukuliwa na inatoka mwilini bila kufanya kazi, unabaki huna ulinzi wa moyo huku unadhani unao. Ikibidi kabisa kwa siku moja, aspirini ya kawaida (siyo ile yenye ganda la kuchelewa kuyeyuka) itangulie, brufeni angalau nusu saa baadaye. Lakini kwa mtu aliyepata tatizo la moyo mimi ningesema usiitumie kabisa, muulize daktari wako wa moyo akupe njia nyingine.

Hiyo dawa ya asili inayoponya siku ile ile ndo imenifanya nisilale. Mizizi ya kweli huwa haina haraka hivyo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vidonge vya viungo vinavyoitwa Artri King, boksi linasema mimea na virutubisho, maabara ikakuta diklofenaki na deksamethasoni (dawa kali ya kundi la steroidi) ndani, havijaandikwa popote. Deksamethasoni na diklo pamoja ni njia ya haraka sana ya kutoboa tumbo, na ukiwa na aspirini juu yake ndo zaidi. Balaa lingine, deksamethasoni ikitumika wiki nyingi mwili unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe, ukiikata ghafla unaweza kuzimia, kwahiyo kama umeitumia muda mrefu na uso umeanza kuwa wa duara au sukari imepanda, usiitupe jalalani leo, ipeleke hospitali na boksi lake wakuachishe wao.

*Dokta, sisi wa mtaani hatununui boksi, tunakatiwa vidonge viwili vitatu kwenye kikaratasi, jina lenyewe limekatwa katikati. Sasa hayo maandishi madogo tutayasoma wapi? – Mama lishe, Buguruni*

Swali zuri kuliko yote mwezi huu. Kabla muuzaji hajakata, mwambie akuonyeshe stripu nzima au boksi, piga picha na simu yako pande zote mbili, jina la chini na tarehe ya kuisha muda, ndo akate. Akikataa nenda duka la pili. Kama ameshakata, akuandikie jina kwenye kikaratasi kwa mwandiko unaosomeka. Hiyo picha usiifute, ukiumwa ndo utakayomwonyesha daktari, na ukienda duka lingine jioni utaona kama wanakupa kitu kile kile kwa jina jipya.